Waya Uliyoiweka Mfukoni

Mama Nyangeta,

Ulikufa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimetoka kukununulia maji. Niliporudi wodini nesi alikuwa ameshakufunika mpaka usoni. Chupa ile bado ninayo, iko juu ya kabati. Sijaifungua.

Mimi sio mtu wa kuandika, unajua. Hata barua za shule za Nyangeta ulikuwa unaandika wewe, mimi naweka sahihi tu. Lakini kuna neno sikukwambia ukiwa hai. Na kuna neno na wewe hukuniambia. Nimelijua wiki iliyopita, Bunda, nyumbani kwa mdogo wako. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani na daftari la zamani la mtoto. Nikikosea utanisamehe. Ulikuwaga unasamehe hata makubwa.

Nianze na msiba. Tulikupeleka Butiama, nyumbani kwetu. Uko pembeni ya shamba la mihogo, karibu na kaburi la mama yangu. Mvua ilinyesha asubuhi, tulipofika na jeneza ikakatika. Nyangeta alitoka Mwanza na mume wake, akalia mpaka sauti ikapotea. Jumuiya yako ya kanisa ya hapa Kigera walikuja wote. Watu wa mbwa nao walikuja, Mwalimu Rhobi na wale wenzako wanne wa kujitolea. Mwalimu alikuja na gumbuti zake za bandani, hakupata nafasi ya kubadilisha. Kaka yangu akaniuliza, "Hawa nao ni ndugu wa nani?" Nikamwambia ni ndugu wa mbwa. Watu wakacheka kidogo. Ungecheka na wewe.

Najua nilivyokuwa nasema juu ya kile kituo cha mbwa. Mwalimu, mama wa watu, alipostaafu akajenga mabanda nyuma ya nyumba yake pale Buhare, akaanza kuokota mbwa. Waliogongwa na bodaboda, wenye ukurutu, walioachwa na wenyewe. Wewe ulienda siku moja tu kumpelekea dagaa wa chenga, akakuonyesha mbwa mmoja hana macho, basi. Tangu hapo kila ukitoka mwaloni kuuza samaki unapitia Buhare na ndoo, unawapikia. Hulipwi kitu. Mtaani wakakuita Mama Mbwa, na wewe unaitika. Nilikuwa nakwambia, "Hao hawana hata asante." Ukanijibu, "Na wewe je?"

Sasa nakuja kwa Mzee.

Mimi sikumpa jina hilo, ulimpa wewe, kwa sababu alikuwa anatembea kainamisha shingo kama babu anayetafuta kitu chini. Na alikuwa hajafikisha hata miaka miwili. Siku ile ulinipigia simu saiti. Ukasema, "Baba Nyangeta, leta plaizi yako. Ya huku imeshindwa." Nikaja na pikipiki. Mmemlaza juu ya meza, daktari wa mifugo amemchoma sindano ya usingizi, Mwalimu ameshika miguu. Shingo imevimba, inanuka. Nikauliza kuna nini. Ukasema kuna waya ndani ya nyama. Ilifungwa akiwa mdogo, mbwa akakua, waya haikukua.

Nikainama kuangalia. Ulikuwa umesafisha na maji ya chumvi, fundo linaonekana kwa juu.

Nikakupa plaizi nikakwambia nawahi, kuna zege inamwagwa. Mama Nyangeta, siku ile hapakuwa na zege. Tulikuwa tunasubiri kokoto toka asubuhi. Nilitoka pale nikaenda kukaa barabarani juu ya jiwe mpaka jioni.

Fundo lile ni langu.

Unajua navyofunga nondo. Vijana wote saiti wanasokota waya kwenda kulia. Mimi naishika kwa mkono wa kushoto, inasokotwa kwenda kushoto, raundi mbili halafu nakunja ncha kwa ndani isichane mtu. Ndiyo maana wananiita Shoto. Foremani akipita kwenye nguzo anajua ipi nimefunga mimi, hana haja ya kuuliza. Na nikifunga haifunguki. Nilikuwa najisifia hilo.

Ilikuwa kwenye ile nyumba ya ghorofa kule Bweri, iliyoishia njiani. Mlinzi alileta mtoto wa mbwa wa kulinda saruji. Kila akifungwa kamba anatafuna, anakimbia. Foremani akasema, "Shoto, mfungie huyu na kitu asichotafuna." Nikakata waya ya nondo, nikamzungushia shingoni raundi mbili, nikasokota, nikakunja ncha kwa ndani. Nikaweka na kidole kimoja katikati kupima asibanwe. Nikaona nimefanya vizuri. Mtoto alikuwa analamba mkono wangu wakati nafunga. Hilo nalikumbuka sana, alikuwa analamba.

Halafu mwenye nyumba akaishiwa, kazi ikasimama, tukatawanyika. Mlinzi naye akaondoka. Mbwa sikumuwaza tena hata siku moja. Mpaka nilipomkuta mezani kwenu.

Sikukwambia. Jioni uliporudi ukanirudishia plaizi, umeshaisafisha. Ukasema, "Amepona roho, bado shingo." Nikasema vizuri. Ukaniangalia kidogo, ukaenda kupika. Nilidhani umechoka.

Toka hapo ukawa na wimbo mmoja. Kila Jumapili tukitoka kanisani, "Baba Nyangeta, leo twende, umlishe Mzee wewe." Na mimi kila Jumapili jibu moja, "Mimi sio wa mbwa." Kama mara mbili tatu nilikuja kukuchukua, nikasimama getini tu. Mzee akinisikia anakwenda kona ya banda, anajibana ukutani, anajikojolea. Ukasema anaogopa wanaume. Lakini daktari ni mwanaume, na anamchoma sindano, na hamwogopi hivyo. Nililiona hilo. Nikajua na wewe umeliona, halafu nikajidanganya kwamba hukuliona.

Alikuwa hali kwa mtu yeyote isipokuwa wewe. Unavaa ile koti yako ya bluu, unaweka sahani, unakaa chini, unampa mgongo. Niliwahi kukucheka. Nikasema mke wangu anakula na mbwa lakini amemnunia. Ukasema, "Aliyeumizwa usimkodolee macho. Mpe mgongo, aamue mwenyewe." Ulikuwa unakaa hivyo hata saa nzima, unachambua mchele wa nyumbani kwenye ungo.

Ulipougua, Mwalimu akawa anavaa koti yako, anakaa vile vile, Mzee anakula. Kidogo, lakini anakula. Hapo ndipo tulipokosea, mimi na Mwalimu wote.

Mwalimu ni mtu wa heshima zake. Akaona mali ya marehemu haikai kwa watu, inarudi kwa familia. Siku ya mazishi akaja na koti imekunjwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Na mimi nikaipokea, nikaiweka na nguo zako nyingine. Hakuna aliyewaza mbwa. Tulipomaliza matanga, wifi yako Nyanjura akatandika mkeka, tukagawa nguo. Alikuwa ameshafagia kila kitu kutoka nyumbani kwetu Musoma, amefungasha kwenye viroba. Kitenge hiki cha mama mdogo, sweta hii ya fulani, viatu hivi vya Nyangeta. Ilipotokea koti Nyanjura akasema, "Hili si la mbwa hili? Lichomwe." Mdogo wako Nyabise akaruka, "Wifi, naomba hilo. Hilo ndilo alilovaa kila siku." Nikasema apewe. Nilifurahi limepata mtu.

Jumatano yake Mwalimu akanipigia. Mzee hajala toka Jumamosi tuliyokuzika. Maji anakunywa, chakula hagusi. Wamejaribu wote, wamejaribu hata nyama. Akasema, "Shemeji, nimefanya ujinga. Ile koti. Niletee, au niletee nguo yake yoyote ambayo haijafuliwa." Daktari alikuwa amewaambia kidonda kimeanza kurudi na mbwa hana nguvu. Anakuja Jumatatu. Kama atamkuta bado hali, atamchoma sindano ya kumpumzisha.

Nikapekua nyumba. Mama Nyangeta, hakuna kitu chako humu ndani. Wifi yako alisafisha mpaka mashuka. Alifua pazia. Nilifungua kabati nikakuta misumari ya kutundikia tu. Nilinusa mto, nikasikia Omo. Nikakaa kitandani. Nilikuwa natafuta harufu yako kwa ajili ya mbwa, nikajua na mimi naitafuta.

Alhamisi asubuhi nikapanda gari ya Bunda. Nyabise alikuwa nje anapepeta mtama. Akaniona akashtuka, akadhani kuna msiba mwingine. Nikamwambia nimefuata koti, naiazima tu, nikamweleza sababu. Akashika mdomo. Akaingia ndani akatoka nayo. Imefuliwa, imenyooshwa na pasi ya mkaa, vifungo viwili vilivyokuwa vimekatika vimeshonwa vipya. Akasema, "Shemeji, niliifua mara tatu. Nilitaka niivae kanisani." Akaanza kulia. Nikamwambia umefanya vizuri.

Halafu akakumbuka. Akasema kulikuwa na mfuko wa ndani, umeushona mwenyewe kwa uzi mweusi, una kifungo. Alitoa vitu kabla ya kufua. Akaniletea kwenye bakuli. Kulikuwa na rozari ndogo, pipi ya kifua moja, na kifuko cha nailoni kimefungwa. Akasema, "Hiki sijui ni nini, ni cha kazi yako labda."

Nikafungua. Ilikuwa waya. Imekatwa upande mmoja kwa plaizi. Upande wa pili fundo lipo zima, limesokotwa kwenda kushoto, ncha imekunjwa kwa ndani. Umeisafisha, haina hata doa.

Nyabise akauliza, "Ya nini?" Nikasema ni ya kazi.

Ulijua. Ulijua siku ile ile mezani. Ungeachaje kujua, kamba ya kuanikia nguo nyumbani nimefunga mimi, banda la kuku nimefunga mimi, mlango wa choo, miguu ya meza hii ninayoandikia. Miaka yote unafungua mafundo yangu kwa shida, unalalamika, "Kwa Shoto hakifunguki kitu." Ulikata upande wa pili ili fundo lisiharibike. Ukaliweka mfukoni, ukalishonea kifungo. Kila Jumapili ulikuwa unaniita nikamlishe, na waya iko kifuani mwako, na hukusema. Ulikuwa unasubiri niseme mwenyewe.

Ungenipiga hata kofi. Ungenitukana mbele ya Mwalimu. Mimi ningeelewa haraka. Hiki cha kungojewa sikukielewa, mpaka umekufa.

Koti nikamwachia Nyabise. Ni yake. Nikachukua waya.

Nikashukia Buhare moja kwa moja. Mwalimu akatoka mbio, "Iko wapi?" Nikasema imefuliwa. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua miwani. Nikamwambia nitamlisha mimi. Akasema, "Wewe? Huyu akikuona anajikojolea." Nikasema najua, na sababu naijua. Nikamwonyesha waya, nikamwambia yote, tumesimama pale pale, mbwa wengine wanabweka. Nilidhani atanifukuza. Akarudisha miwani usoni. Halafu akasema, "Ingia taratibu. Kaa chini. Usigeuke hata akikukanyaga."

Mzee alikuwa kona. Mbavu unazihesabu. Aliponiona akatetemeka, mkojo ukatoka, mchache, hana nguvu. Nikaweka sahani ya ugali na dagaa, nikakaa sakafuni, nikampa mgongo. Nilikuwa sina mchele wa kuchambua. Nikaangalia ukuta. Nikamwambia, "Nilikufunga mimi." Nilijisikia mjinga. Lakini nilisema.

Hakuja. Ikapita saa nzima, ikapita ya pili. Miguu ikafa ganzi. Nikatoka.

Ijumaa hivyo hivyo. Mama mmoja jirani wa Mwalimu alichungulia ukutani akasema, "Mama Mbwa amekufa, sasa tuna Baba Mbwa." Nikamwitikia.

Jumamosi nikaenda asubuhi na mapema, nikakaa mpaka mchana. Nilibeba misumari iliyopinda, nikawa nanyoosha kwa mkono, bila nyundo, isipige kelele. Mvua ikaja, ikapiga bati. Nikawaza Jumatatu. Nikawaza daktari akimchoma, itakuwa nimemuua mara ya pili, na safari hii huna mfuko wa kuweka. Nililia, Mama Nyangeta. Kule Butiama sikulia. Wanaume walikuwa wananiangalia, na mimi nilikuwa naangalia kamba za jeneza, nakagua kama zimefungwa sawa. Nililia pale sakafuni, nimempa mbwa mgongo, mvua inanifichia sauti.

Ilipokatika nikasikia sahani inakwaruza sementi.

Sikugeuka. Nikashika msumari kwa nguvu mpaka ukanichoma. Nikasikia analamba. Akaacha. Akalamba tena. Halafu nikasikia dagaa inavunjika kwenye meno. Mwalimu alikuwa mlangoni, nikamwona kaweka mkono mdomoni. Alikula kama viganja viwili, akarudi kona.

Daktari alikuja Jumatatu, akampa dawa ya kidonda, akaondoka na sindano yake.

Ni wiki nzima sasa toka nilipotoka Bunda. Nimekwenda kila siku. Sitaki nikudanganye kwamba tumekuwa marafiki. Anakula nikimpa mgongo. Nikisimama bado anajibana ukutani, na bado anajikojolea, sio kila siku lakini. Nasimama polepole, natoka bila kumwangalia. Juzi alikuja karibu, nikasikia pumzi yake kwenye mkono wangu wa kushoto. Ananusa. Alinusa muda mrefu. Hakulamba.

Haya ya hapa nyumbani. Nyangeta amerudi Mwanza, ananipigia kila jioni kuniuliza nimekula nini. Namwambia wali, hata kama ni uji. Kuku wawili wametaga. Kamba ya kuanikia nguo nimeifungua, nimefunga ya katani, fundo la kawaida linalofunguka. Ilinichukua asubuhi nzima kujifunza.

Waya yako nimeitundika kwenye msumari, ndani ya kabati, pale ilipokuwa inatundikwa gauni yako ya kanisani. Nikifungua naiona.

Sasa sikiliza. Nimekaa nimekumbuka vizuri. Mzee hakuwa peke yake. Kuna mwingine nilimfunga kwenye saiti ya shule, njia ya kwenda Butiama, mweusi mwenye doa kifuani. Na kuna jike wa mwenye mashine ya tofali hapa hapa Kigera, lakini yule nilienda jana nikamkuta na kola ya ngozi, waya walishaikata wenyewe mapema. Mwenye mashine akanishangaa, "Shoto, umekuja kumsalimia mbwa?" Nikasema ndiyo. Amebaki yule mweusi. Jumapili nitaenda na Mwalimu na daktari. Tukimkuta, nitakata mimi, kwa mkono wangu, sitampa mtu plaizi nikimbie. Tusipomkuta nitauliza nyumba kwa nyumba. Hiyo nakuahidi. Na Mzee nitampa mgongo kila jioni nikitoka kazini, hata kama ni mpaka azeeke kweli. Hiyo pia.

Nilipaswa kukwambia nikiwa nakuona usoni. Nimechelewa. Nakwambia hivi hivi, kwa mgongo.

Lala, Mama Nyangeta. Kule shambani nimeweka mawe manne kwenye kona za kaburi, sijafunga kitu chochote.

Foremani amenipigia, wanapandisha nguzo, nondo zinasubiri. Plaizi nimeshaiweka kwenye begi. Kesho narudi kazini.

Baba Nyangeta